Jini wa Ayalandi Siku ya Posa

Leo nimeadhirika, jamaa wa jukwaani. Tena mbele ya watu wa posa!

Mnaujua ugonjwa wangu wa muziki wa Ayalandi: nyimbo za kale za wazee wao zimetiwa panki, ule muziki wa fujo. Zumari, fidla, gitaa linalokwaruza, na mtu anapiga mayowe juu yake. (Nyumbani hawajui. Nikijifungia wanadhani nadurusu.) Asubuhi nilikuwa nausikiliza kwenye mashine yangu ya muziki, umeme ukakatika mtaa wetu mzima wa Al Khoudh. Nikafunga chumba, nikachukua ufunguo, nikaenda kukaanga sambusa. Kuzima swichi ya mashine? Wapi!

Alasiri wakaja wanawake wa upande wa kijana. Umeme bado. Mapazia yameshushwa kuzuia jua, sebule kiza, kiyoyozi kimya. Mama yake, Bi Thuwaiba, ananikagua hadi kucha. Bibi yangu akaomba isomwe Fatiha.

Tulipomaliza tu, umeme ukarudi. Chumbani kwangu, mlango umefungwa, kitu kikaanza kulia. Taratibu. Sauti nyembamba, kama mtu aliye chini ya kisima. Wallahi nami nywele zilinisimama, maana nilishasahau ile mashine!

"Nani yumo ndani?" Bi Thuwaiba akauliza.

"Hamna mtu," bibi akanong'ona. "Ufunguo anao mwenyewe huyu."

Ngoma zikaingia. Mayowe. Mlango ukatetemeka. Mtu akatupa ubani chetezoni. Nilitaka kusema ukweli, nikaogopa. (Kijana mwenyewe nampenda. Mkwe gani atamtaka binti wa makelele hayo?) Basi kichwa ndicho kilichoniponza: kikaanza kutikisika na mdundo. Mguu nao. Mazoea!

"Kapanda!" bibi akapiga ukelele. "Kampanda kichwani!"

Nikafunikwa kanga, chetezo puani, moshi macho yote. Bibi akaongea na huyo jini kwa adabu ambayo hajawahi kunifanyia mimi.

"Karibu mgeni wetu. Watokea wapi?"

Nikakohoa. Nikaona bora niungame ule muziki.

"Ayalandi, bibi."

Sebule nzima ikarudi nyuma.

"Yarabi! Wa kizungu!"

Wakaondoka bila kugusa sambusa. Nimelia hadi macho yamevimba. Sasa hivi Bi Thuwaiba kapiga simu: posa ipo palepale, kwani hata yeye ana majini wawili. Ila Alhamisi analeta fundi wa kumtoa huyu wangu, na akitoka lazima aage kwa lugha ya kwao, nami Kiayalandi sijui hata neno.

Msicheke. Nani kati yenu ana jini wa kuniazima hiyo Alhamisi?