Amri ya Nguo Kumi

Bruna wa ng'ambo ya mfereji anaapa kwamba wale Wanorwe wawili walifanywa wenyeji wa Venisi kwa sababu ya chupi. Ines, aliyekuwapo, anasema Bruna anatia chumvi. Palikuwa na soksi pia.

Chanzo ni tangazo. Ofisi ya Uhai wa Mji, baada ya vikao kumi na saba vyenye chakula cha mchana, ilibaini kuwa watalii wanasikitika kutoona watu wanaoishi hapa. Ikaamriwa: kila nyumba ianike kambani nguo zisizopungua kumi, zilizovaliwa kweli, kila asubuhi. Mwenye nguo ni mkazi. Asiye nazo ni mgeni, atoke mjini kabla ya saa kumi na mbili jioni, na nyumba yake igeuzwe hoteli. Amri haichagui mtu. Mkurugenzi wa ofisi hiyo, Zorzetto, alilirudia hilo mara tatu, kifua mbele.

Sasa Ines ni mjane. Mtu mmoja huchafua nguo ngapi? Jumatatu alianika saba, akapewa onyo. Jumanne akaongeza tatu za kabatini. Mkaguzi Nives akazinusa.

"Bi Ines, hii haijavaliwa."

"Nimeivaa kwa nia."

"Fomu haina nafasi ya nia. Kesho zikipungua, nafunga nyumba."

Jioni ile wakaingia wale Wanorwe, Sverre na mkewe Torunn, waliopanga chumba chake cha chini kwa siku mbili. Walikuwa wamelowa chapachapa. Mume alirudi nyuma hatua moja apige picha ya daraja, akaishia mferejini. Mke akaingia kumtoa.

"Na simu?" Ines akauliza.

"Imezama," Torunn akasema. "Nimeokoa huyu. Sijui niliwaza nini."

Ines aliyatazama maji yakiwachuruzika, akahesabu kimoyomoyo. Kumi na moja!

"Vueni, wanangu. Vueni zote."

Asubuhi Nives akahesabu, akanusa, akarudisha kichwa nyuma kwa kuridhika. "Kaya ya watu watatu. Wakazi."

"Lakini sisi kesho tunaondoka," Sverre akasema.

"Mkazi haondoki hivihivi, kaka. Kuna fomu."

Jioni, Ines akiwa dirishani anaanua, Mkurugenzi akaja na wapiga picha kuonyesha mafanikio. Nives akafungua daftari.

"Mkurugenzi, kamba yako iko wapi?"

"Mimi nakaa bara. Huku ngazi nyingi, na gari utaliweka wapi?"

"Na nyumba ya marehemu baba yako, hapo kanisani?"

"Imefungwa tu."

"Hoteli," Nives akaandika. "Nawe ni mgeni. Imebaki robo saa."

Mkurugenzi akacheka. Nives hakucheka. Mkurugenzi akavua koti. Akavua tai, shati, fulana, soksi zote mbili. Sita. Akaushika mkanda, akawatazama wapiga picha, kisha akainua uso dirishani.

"Mama Ines," akasema kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, "nakuomba nafasi kidogo kwenye kamba yako."

Kamba ilikuwa imebaki tupu. Ines alikuwa na vibanio viwili vya nguo mdomoni. Hakuvitoa.