Kukonda Kabla Shemeji Hajafika

Jumatatu, 3 Juni 1957. Dundori.
Leo ni mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke nyumbani. Barua imefika. Mke wangu Akeyo anasema barua zangu zimesomwa kanisani na watu wamelia. Kaka yake, Naftaly, atapita Nakuru na atakuja Jumapili ya tarehe 16 kuniangalia kwa macho yake. Akinikuta kama nilivyoandika, sawa. Akinikuta vingine, Akeyo anarudi kwa baba yake.

Niliandika nini? Kwamba huku hakuna chakula, nimebaki mifupa na ngozi, ndiyo maana siwezi kumleta wala kwenda likizo. Ilikuwa kweli kwa miezi mitatu, nilipokuwa nachuma pareto. Kisha nyapara akanitia kwenye nyumba ya maziwa, kuzungusha mashine ya kutoa siagi. Naamka saa kumi alfajiri, mgongo umekufa, lakini mdomo haukosi kitu. Suruali niliyokuja nayo haipiti mapajani.

Siku kumi na tatu. Nitakonda.

Jumanne, 4 Juni.
Kiprugut, mlisha nguruwe wa bwana mwenye shamba, amenipima kwa mizani ya nguruwe. Ratili mia moja themanini na sita. Akasema yuko jike mmoja anayenizidi, lakini huyo ana mimba.

Alhamisi, 6 Juni.
Mpango. Chakula cha kukondesha lazima kiwe cha bure, maana mshahara wangu umeishia kwenye chai na mandazi ya Nakuru. Nimepatana na Wamaitha, mke wa dereva wa trekta, anayelima kabichi nyuma ya kambi. Nitampa posho yangu ya unga, yeye atanipa kabichi. Akauliza kama ni mgonjwa. Nikamwambia ni mambo ya dini. Akasema hata Bwana Yesu alikula samaki.

Jumamosi, 8 Juni.
Siku ya posho. Unga wote kwa Wamaitha. Kabichi asubuhi, kabichi mchana, kabichi jioni. Tumbo linanguruma mpaka ng'ombe wanageuka kuniangalia.

Lakini nimepata dawa. Mashine ina midomo miwili. Huku inatoka siagi ya bwana, huku yanatoka maziwa meupe yaliyobaki, na hayo hakuna anayeyahesabu. Kitu kilichotolewa mafuta kitamnenepeshaje mtu? Nimekunywa mikebe minne. Tumbo kimya.

Jumatano, 12 Juni.
Mizani tena. Mia moja themanini na tisa. Nikamwambia Kiprugut mizani yake imeharibika. Akapanda yeye, ikasema uzito wake wa siku zote. Akauliza nakula nini. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika uzio. Kisha akanionyesha hori la nguruwe. "Omera, ndugu yangu, hawa unafikiri nawanenepesha na nini?"

Yalikuwa maziwa yangu.

Nikamwambia nguruwe analala mchana kutwa, mimi nafanya kazi. Haiwezi kuwa sawa. Jioni mikebe sita, kwa sababu kabichi peke yake inaleta kizunguzungu.

Ijumaa, 14 Juni.
Mpango mwingine. Mtu aliyevimba kwa njaa naye ni mviringo. Niliwahi kumwona mmoja nyumbani mwaka wa nzige. Nitasema nimevimba. Leo nimejifunza kutembea polepole kama mgonjwa. Nyapara akauliza kama nimekanyaga mwiba.

Jumapili, 16 Juni.
Naftaly alifika baada ya ibada. Nilikuwa nimesahau kwamba ni dresa, mfunga vidonda katika hospitali ya misheni.

Nilimpokea nikiwa nimelala. Nikasema, shemeji, njaa imenivimbisha. Alinibonyeza mguu kwa kidole gumba, akangoja. Akasema uvimbe wa njaa huacha shimo. Wangu ulirudi kabla hajaondoa kidole.

Sasa chakula. Kwetu shemeji akija anachinjiwa kuku, na asiyechinja amewatukana wakwe zake. Lakini mtu anayekufa njaa atapata wapi kuku? Nikamwekea kabichi na kikombe cha maziwa meupe. Alikula kidogo, kwa adabu. Nikaanza kuona tutavuka.

Ndipo Wamaitha akaingia na sufuria ya kuku. Akasema amesikia shemeji yangu yuko, na ni aibu mgeni kula kabichi. Basi hii ni shukrani ya unga wa wiki mbili. "Huyu Owino wenu ana roho nzuri, mgeni. Unga wote ananipa mimi. Anasema hauhitaji."

Naftaly akaweka kijiko chini. Akauliza, wote?

Akafungua mfuko wake, akatoa furushi. Samaki wa ngege waliokaushwa, na unga wa wimbi. Akasema tangu Januari dada yake anakula mara moja kwa siku ili ajaze furushi hilo. "Huyo mtu wa mifupa na ngozi unayemwandika, sasa ni yeye."

Yeye alimla yule kuku, maana ni mtu wa heshima, kisha akasimama. Akasema nisipokuwa nyumbani Jumamosi ya tarehe 29, atamchukua dada yake, na barua zangu nizisome mwenyewe.

Alipoondoka nililia. Kulikuwa kumebaki bawa moja la kuku.

Jumatatu, 17 Juni.
Nyapara amenipa ruhusa. Nimemwandikia Akeyo ukweli wote, kwamba shemeji alinikuta siku mbaya, nimetoka kwenye harusi ya watu.

Ngege nimewamaliza asubuhi, wasije wakaharibika. Sasa siwezi kumtokea mke aliyekonda nikiwa hivi. Kwa hiyo Wamaitha ataendelea kuchukua unga, mimi kabichi, na maziwa ya mashine mikebe minane. Naona kosa lilikuwa kunywa machache.

Nitafika Jumamosi tarehe 29, kwa treni ya asubuhi. Nimemwambia Akeyo atanitambua kwa suruali. Nitavaa ile niliyoondoka nayo.