Herufi Thelathini Bila Upindo

Redio, muuza magazeti, hata kahawa hajaigusa, alishaimwaga habari: asubuhi ile kioo cha kompyuta kinachoita wagonjwa zahanati kimewaita mlinzi mstaafu na mama mjamzito kwa pumzi moja. Majina yao yaliungana kama mabehewa, wote wawili wakainuka, wakabanana mlangoni. Mzee wa watu ndiye aliyetangulia kupimwa tumbo.

Benchi zima la kijiwe cha kahawa likacheka, isipokuwa Mbishi. Programu ya kuita wagonjwa aliiandika yeye, miaka kumi na tisa iliyopita, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, aliyojifundisha mwenyewe kwenye kitabu kisicho na jalada. Na saa nane mganga mkuu alikuwa akimsubiri: ajieleze, ama iletwe programu mpya.

"Mpya ipi?" Mbishi alifoka. Akawakumbusha ile iliyoletwa mwaka wa mafuriko, ikadai kompyuta sita na bado ikalala kila Ijumaa. Yake inakimbia kwenye mashine ambayo wengine wangeitumia kuzuilia mlango. C haina makuu, alisema: maneno unayapanga mwenyewe herufi kwa herufi, hakuna mzigo, hakuna dalali.

"Wala wa kukushika mkono ukielekea shimoni," Redio akachomekea.

"Nani kakuambia nataka kushikwa mkono?"

Shangazi, fundi cherehani, pini mdomoni, akauliza taratibu: sasa hiyo C inajuaje jina limeishia wapi? Mbishi akamweleza kwamba mwisho wa jina huwekwa alama ya kikomo. Isipokuwepo, mashine husoma tu mpaka ndani ya jina la jirani.

"Na jina ulilipimia nafasi ngapi?"

"Thelathini. Fomu yao ilikuwa na visanduku thelathini. Ninayo mpaka leo."

Redio akalihesabu jina la mlinzi kwa vidole, la babu na la ukoo yakiwemo. Thelathini kamili. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuzijaza nafasi zote.

Shangazi akatoa pini mdomoni. "Na hiyo alama yako ikae wapi? Mwanangu, umekata kitambaa sawasawa na mwili, hukuacha upindo."

Mbishi akahesabu upya: zilihitajika thelathini na moja. Waganga wakuu wanne amegombana nao, kumbe ni nafasi moja tu iliyopungua. Dakika tano za kazi.

Redio akamhimiza: akimbie, akiri kosa, arekebishe, nani ataitupa programu iliyopona? Mbishi akasimama, akakung'uta suruali, akaketi tena.

"Shangazi, nisindikize," akasema. "Kurekebisha nitarekebisha mimi. Lile neno 'nimekosea' utalisema wewe. Mimi sina uzoefu nalo."