Kizibao chenye Utepe wa Dhahabu

Jumatatu, 3 Machi

Nimejitolea! Jumamosi hospitali itafanya msafara wa baiskeli kuchangia mashine ya pili ya kusafisha damu. Mashine ya kwanza ndiyo iliyomrudisha mke wangu figo zake zilipogoma. Mashine hiyo, na muuguzi wa wodi ya figo. Alimshika mkono mgonjwa wangu na kumsimulia vituko vya paka wake hadi akasahau sindano. 

Naye ataendesha baiskeli. Mke wangu ameomba jambo moja tu: amwone akipita. Tatizo ni kwamba daktari hajamruhusu kukaa juani wala kusongamana na watu, na msafara utapita barabara kuu, si kichochoroni kwetu. Nikamwambia atamwona. Akauliza kwa njia gani. Nikamjibu kwamba mipango aniachie mimi. Akaguna. Mguno huo naujua.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Niombe kusimama njia panda iliyo karibu na nyumbani. Msafara ukikaribia, nimbebe mke wangu na kiti chake hadi kivulini, dukani pale kwenye kona. Akishaona, namrudisha. Kuna ugumu gani hapo?

Jumanne, 4 Machi

Ugumu ni shemeji.

Kaka wa mke wangu ndiye msimamizi wa watu wa kujitolea. Mtaa mzima humwita Kamanda, ingawa hakuwahi kuwa askari. Alikuwa mlinzi wa bwawa la kuogelea, akastaafu na kipenga chake. Nikamwomba njia panda ya kwetu. Akasema nafasi ile inahitaji mtu makini. Nikauliza ni nani huyo. Yeye mwenyewe! Mimi nimepewa meza ya maji, mbele ya kituo cha mafuta, ambapo msafara utapita kabla ya kufika mtaani kwetu.

Nikamsihi basi amtoe dada yake nje kidogo. Akanijibu kwamba dada yake si bendera ya kupandishwa na kushushwa. Akae ndani apone. Nikaaga, nikaenda zangu. 

Jumatano, 5 Machi

Afadhali nilizaliwa fundi cherehani. Kamanda ameleta kitambaa cha njano ili niwashonee wote vizibao. Nimevishona. Changu nimekiongezea utepe wa dhahabu uliobaki kwenye sare za bendi, kanda mabegani, na vifungo vya shaba. Si majivuno. Mwenye kizibao kama hiki akimwomba mtu amshikie meza ya maji, nani atakataa? Nikishapata wa kunishikia, nitapanda baiskeli yangu na kuuwahi msafara nyumbani.

Cha Kamanda kimebana tumboni. Mkasi uliteleza.

Mke wangu alinitazama nikikijaribu, akauliza kama nimeajiriwa hotelini kufungua milango. Kisha akacheka. Akacheka kweli, kwa sauti, kama zamani. Nikaacha kushona ili nisikie vizuri. Ee Mungu, asante.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi. Mganga mkuu wa hospitali alifika, akanipa mkono mimi kwanza, akanishukuru kwa kuusimamia msafara. Kamanda alitaka kumsahihisha, lakini ndani ya kizibao kile pumzi haikutosha.

Kisha mganga mkuu akawageukia waendesha baiskeli. Akawaambia wakipotea wasihangaike, wafuate kizibao. Akanionyesha kwa kidole. Nikainama kidogo, kwa heshima. Kamanda akaninong'oneza: "Shemeji, kesho ukiiacha meza ile hata kidogo, tutajuana." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi hauponyi mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Lo!

Nilimwachia meza kijana wa kituo cha mafuta. Alinipigia saluti! Nikapanda baiskeli, bendera ya msafara mkononi, nikaondoka kabla msafara haujatokeza. Ndivyo nilivyodhani.

Mara nikasikia kengele nyuma yangu. Nikageuka. Msafara mzima! Nikajisemea: wakinipita, mke wangu hatamwona muuguzi. Nikakanyaga kwa nguvu. Nao wakakanyaga. Nikawapungia bendera wapunguze mwendo. Wakashangilia, wakaongeza.

Njia panda, Kamanda alitanua mikono kutuzuia na kupuliza kipenga. Kizibao chake kikapasuka mgongoni. Waendesha baiskeli walidhani wanapongezwa. Nikakata kona kuingia kwetu, nao wakakata.

Kichochoro chetu hakina pa kutokea. Mwisho wake ni ukuta wa karakana ya seremala. Tulipofika ukutani tulikuwa tumebanana kama njiti za kiberiti, na wa nyuma bado wanaingia.

Mke wangu alikuwa mlangoni, kivulini, amevaa nguo yake ya kutokea. Akasema taratibu: "Baba watoto, nilitaka mmoja tu."

Muuguzi akaitupa baiskeli. Akamwambia, "Mama, umenenepa!" Naye akamjibu, "Na wewe umekonda, mwanangu, hawakulishi?" Wakakumbatiana. Mimi nikaanza kukagua tairi langu.

Iliwabidi watoke mmoja mmoja, wakisukuma baiskeli. Kila aliyepita mlangoni mke wangu alimwambia asante. Wengi hawakuwahi kumwona mtu aliyerudishwa na mashine ile. Mzee mmoja alimtazama, akavua kofia yake ya baiskeli.

Kamanda akafika anahema, mgongo wazi, tayari kunitafuna. Akamwona dada yake anacheka kati ya watu. Akakaa kizingitini, akafuta macho. Akasema jua ni kali. Pale kivulini!

Jumapili, 9 Machi

Kikao. Mganga mkuu aliuliza nani aliubadilisha msafara. Nilikuwa naanza kueleza mpango wangu wote, Kamanda akanikanyaga mguu, akasema ni mkanganyiko wa kawaida wa barabarani. Namshukuru. Namshukuru muuguzi, na Mungu zaidi. Mke wangu ameamka mapema leo, anaimba.

Baadaye akaniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu: kwamba watu wakipata kiongozi, hufika. Akaguna.

Mwezi ujao kliniki ya macho ina matembezi ya hisani. Nimeshaomba kutangulia mbele. Shangazi yangu anaishi ghorofa ya juu kabisa, miguu imemkatalia kushuka, na anapenda mno wageni. Nimekwenda kuzitazama ngazi. Ni nyembamba, lakini wakipanda kwa mstari mmoja watatosha.