Waraka wa Kustaafisha Kompyuta kwa Heshima

Wakazi wote wa Matuga na vitongoji vyake, wenye mifugo na wasio nayo, walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba Idara ya Vibali vya Mifugo Inayosafiri imeingia rasmi katika zama mpya. Kompyuta kuukuu zingestaafishwa kwa heshima, kwa hotuba na kwa soda. Tangazo lilirudiwa mara tatu, kwa kuwa mara mbili za mwanzo kipaza sauti kilikuwa hakijawashwa.

Waraka wenyewe ulikuwa na kurasa kumi na nne na sahihi moja, ya Mkurugenzi Dzombo. Uzito wake ulikuwa ukurasa wa kumi na mbili. Mtambo wowote ambao hautakuwa tayari kwa kazi ndani ya dakika tano tangu kuwashwa, Alhamisi saa nne asubuhi, mbele ya kamati, ungebandikwa karatasi nyekundu na kustaafu papo hapo. Ungestaafu pamoja na meza, kiti na karani wake. Usishangae. Katika daftari la mali la idara vitu hivyo vinne vimeandikwa mstari mmoja, kama seti ya sufuria, na serikali haivunji seti.

Subira, karani wa dirisha la pili, aliusoma ukurasa huo mara mbili, kisha akaitazama kompyuta yake. Ilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kusagia mahindi, halafu inakaa kimya dakika arobaini ikitafakari. Na nyumbani Msambweni kulikuwa na mama mgonjwa wa miguu, watoto wawili wa shule, na mshahara mmoja, huu huu wa dirisha la pili. Hiyo ilikuwa Ijumaa, na Alhamisi ilikuwa siku sita mbele.

Kwa kusema haki, dakika zile arobaini hazikuwa zikipotea. Idara ilikwisha kuzipa jina, Kipindi cha Kuamsha Mitambo, na utaratibu wake ulikuwa hauna dosari. Saa mbili kamili makarani wanawasha. Saa mbili na dakika moja wako kwa Mama Mbodze, ng'ambo ya barabara, wanakula mahamri na mbaazi. Wafugaji waliotoka Samburu, ile ya huku huku pwani, na mbuzi wao tangu alfajiri waliujua utaratibu, wakawa nao wanakula.

Jumatatu jioni Subira aliifunga kompyuta ndani ya leso yake ya kujitanda, akaipakata kama mtoto. Mlinzi wa lango, mtu mwangalifu, aliandika kitabuni: "Mgonjwa mmoja, ametoka, atarudi." Subira akapanda gari mpaka Ukunda, kwa Caroline, mwanamke wa bara mwenye duka la saiba, la intaneti na kutengeneza kompyuta, ambaye miaka yote aliyokaa pwani haijamfundisha kusema polepole.

"Sister, hii mashine haina ugonjwa," Caroline alisema, baada ya kuifungua na kupuliza vumbi la kutosha kupandia mchicha. "Mfumo mpya wa kununua ni mzito, haiwezi kuubeba. Huu wa zamani nao umejaa takataka. Tuiwekee mfumo mwingine, Linux, ile nyepesi, ya mashine za umri kama huu."

"Bei gani?"

"Ni ya bure."

"Ya bure! Caroline, usinichezee. Mimi roho iko juu."

"Si mchezo. Tunaijaribu kwanza kwenye flashi. Ukiikataa, tunachomoa, mashine inabaki vile ilikuwa."

Wakaijaribu. Subira hakuikataa. Caroline akaziweka kando faili zake zote, hata picha za harusi ya binamu, ndipo akaifuta kompyuta na kuiwekea hiyo Linux. Ilipowashwa tena, Subira aliinama kutafuta miwani yake ndani ya mkoba. Alipoinuka, kompyuta ilikuwa inamsubiri.

"Imekwisha?"

"Imekwisha."

"Wallahi, hata haijanguruma!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, maana alikuwa ameyazuia tangu Ijumaa.

Jumanne saa mbili na dakika mbili dirisha la pili likafunguliwa. Ukurasa wa vibali ulifunguka, printa ikatema karatasi ya majaribio. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Thoya, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Samburu. Subira alipomwita, alirudi nyuma hatua mbili.

"Bibie, kuna nini? Kumetokea msiba?"

"Hakuna msiba. Lete karatasi zako."

"Lakini sijala!"

Alipewa kibali chake saa mbili na dakika saba, akakaa nacho barazani mpaka saa tatu, kwa tahadhari, asije akaambiwa kimetolewa kimakosa.

Aliyeumia hasa alikuwa Warda wa dirisha la kwanza. Alirudi kutoka kwa Mama Mbodze na hamri mkononi, akakuta watu wa dirisha lake wote wamehamia la pili.

"Subira, umetuharibia," alisema. "Kipindi cha Kuamsha kilipiganiwa na watu waliotutangulia."

"Ni flashi ya Caroline tu, na Alhamisi yaja, dada. Yako huamka kwa muda gani?"

Warda alirudi dirishani kwake kumalizia hamri. Jumatano mchana akarudi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Hiyo flashi," alinong'ona, "unayo?"

Alhamisi ikafika. Kamati ilikuwa na wajumbe saba: sita wa kunywa soda, na mwenyekiti, Bwana Mbwana, mwalimu mstaafu aliyesimamia mitihani miaka thelathini bila kumtabasamia mtahiniwa hata mmoja. Alikuja na saa yake mwenyewe ya kupimia mbio. Mkurugenzi Dzombo alikuja na koti jipya na karatasi mbili nyekundu, gundi ikiwa tayari imepakwa.

Dirisha la kwanza: sekunde hamsini na mbili. Dirisha la pili: sekunde arobaini na nne. Bwana Mbwana akaandika. Mkurugenzi akabaki na karatasi zake mkononi, gundi inakauka.

"Risiti ya mfumo huu iko wapi?" aliuliza.

"Hauna risiti, bwana mkurugenzi," Subira alisema. "Ni wa bure."

"Umesikia, mwenyekiti? Fomu ina nafasi ya Thamani ya Mfumo. Utaandika nini? Kitu kisicho na bei hakiwezi kuzeeka, na kisichozeeka idara itakistaafisha vipi? Huu ni ukaidi dhidi ya mipango ya maendeleo." Akamsogelea Subira na karatasi nyekundu. "Twendeni juu. Niwaonyeshe kompyuta yenyewe ni ipi, halafu nimalize hapa."

Kompyuta ya mkurugenzi ilikuwa imekaa mezani miezi mitano. Ilikuwa mpya kabisa, na iliendelea kuwa mpya kwa sababu nailoni haikutolewa wala yenyewe haikuwashwa. Juu yake palitandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa, maua ya plastiki. Wajumbe sita wakasema mashallah.

Mkurugenzi akaondoa maua, akabonyeza. Bwana Mbwana naye akabonyeza saa yake.

Kioo kikawaka samawati. Kikaandika: *Inasasisha. Asilimia mbili. Tafadhali usizime.*

"Inajiandaa," mkurugenzi alieleza.

Dakika ya tatu, asilimia nne. Dakika ya nne kompyuta ikajizima, ikajiwasha yenyewe, ikaanza upya kwa asilimia moja.

"Muda umekwisha," alisema Bwana Mbwana. "Mikono juu ya meza."

"Mwenyekiti, hii ni mpya!"

"Waraka hausemi mpya. Unasema mtambo wowote, dakika tano. Sahihi hii ya nani?"

"Yangu."

"Ahsante." Akazichukua zile karatasi mbili. Ya kwanza akaibandika kwenye kompyuta. Ya pili ilipaswa kugawanywa kwa meza, kiti na mtu. Akaichana vipande vitatu vilivyonyooka, na kipande cha mwisho akakibandika kwenye mfuko wa koti jipya.

Ukurasa wa kumi na tatu unaruhusu rufaa, mradi ichapwe nakala tatu kabla ya saa sita. Bwana Dzombo alishuka ngazi, akakuta madirisha yote mawili yana watu.

"Foleni yaanzia kule nyuma, baba," alisema mwenye mbuzi mmoja.

Zamu yake ilipofika dirisha la pili, Subira alisimama. "Shikamoo, bwana mkurugenzi."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie rufaa. Haraka."

Akamwandikia, bila kinyongo, kwa Kiswahili kizuri na maneno ya kuhurumisha. Printa ikatema nakala tatu. Subira akazipanga, akazisogeza mbele yake, akaonyesha mstari wa chini.

"Hapa pametakiwa sahihi ya mkurugenzi aliye kazini."

Bwana Dzombo akatoa kalamu. Akaisoma ile nafasi. Akakitazama kile kipande chekundu kifuani. Kisha akageuka nyuma kumtafuta huyo mkurugenzi, na foleni nzima, kwa adabu, ikageuka kumsaidia kutafuta.