Kisulisuli cha Saa Saba

Jumatatu, 9 Septemba
Nimegundua! Siku ya nne mfululizo kisulisuli kimepita uwanja wa shule saa saba mchana, kati ya madarasa na tangi la maji. Kimezoa majani yangu yote, kikayatupa nje ya ukuta. Miaka tisa nafagia, mgongo umepinda, kumbe dunia ina ufagio wake!

Ijumaa anakuja mkaguzi. Mwalimu mkuu kasema mfagizi atakayemfurahisha atakuwa msimamizi wa usafi. Msimamizi ana filimbi. Ana kiti! Tupo wawili tu, mimi na shemeji, kaka wa mke wangu.

Jumanne, 10 Septemba
Sikufagia. Nilikaa kivulini. Saa saba, hicho! Uwanja safi. Shemeji kainama upande wa mbele tangu asubuhi, nikampungia mkono. Mke wangu kanikumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamjibu sitaki cha mvunguni, nataka cha uwanjani.

Jumatano, 11 Septemba
Shemeji kauliza siri yangu. Nikamwambia siku hizi nina upepo mzuri. Kadhani nasema bahati, akanipongeza! Nimecheka mpaka nikapaliwa.

Alhamisi, 12 Septemba
Kwa nini kisulisuli kibebe majani tu? Nimekusanya majivu ya jikoni, makaratasi ya ofisini, vumbi la chaki la miaka mitatu. Rundo moja, katikati ya njia yake. Mwalimu mkuu kauliza litaondoka lini. Kesho saa saba, nikasema. Kapenda uhakika wangu.

Ijumaa, 13 Septemba
Kisulisuli kilifika saa saba. Mkaguzi pia.

Kikanyanyua rundo lote, kikafika ukutani, kikageuka! Mkaguzi alikuja na suti nyeupe, kaondoka na ya kijivu. Makaratasi yametapakaa juu ya paa. Nilitamani ardhi inimeze. Shemeji alimpangusa mgeni uso, kisha akanigeukia.

"Shemeji, ufagio umewekewa mpini ili ushikwe."

Jumamosi, 14 Septemba
Shemeji kapewa filimbi. Kiti kakiweka kwenye kivuli changu! Roho imeniuma. Mimi nimeambiwa paa liwe safi kabla ya jioni, la sivyo kazi sina.

Shemeji, kwa huruma yake, kaniletea ngazi. Nimeirudisha. Kilichozipandisha taka ndicho kitakachozishusha. Nimeketi chini ya paa, gunia wazi, nasubiri saa saba.