Mchanga wa Mheshimiwa

Jumatatu, 3 Machi

Tumetoka kwa daktari wa mifugo. Tena! Mheshimiwa, paka wa mke wangu, kaumwa njia ya mkojo kwa mara nyingine. Daktari kasema dawa atapewa, ila kazi yenyewe ni kuzuia isirudi: anywe maji mengi, chakula kiwe na majimaji, boksi la mchanga anamojisaidia lisafishwe kila siku, asibughudhiwe. Na tuwe tunakagua mchanga wenyewe. Akaeleza kwa urefu namna ya kuukagua. Sikufuatilia. Redio ya mezani kwake ilikuwa inakoroma, na mimi nilishajua ni waya gani.

Njiani mke wangu akatoa hukumu. Yeye anashinda kazini, mimi nashinda nyumbani natengeneza redio, kwa hiyo paka ni wangu. Akiugua tena, mama yake atakuja kumuuguza. Atalala wapi? Kwenye chumba changu cha redio! Mama mkwe namheshimu sana. Namheshimu zaidi akiwa kwake.

Jumatano, 12 Machi

Dawa imekwisha, paka mzima. Sasa maji. Hanywi! Nimeweka bakuli jikoni, sebuleni, chini ya kitanda. Anazipita kama hawafahamiani. Supu ya samaki: kala samaki, supu kaniachia. Nikafungulia bomba la bafuni lidondoke, maana nasikia paka hupenda maji yanayotembea. Nikazama kwenye redio, nikasahau. Maji yakatembea kweli, mpaka sebuleni. Mheshimiwa akapanda juu ya kabati kunitazama nikipiga deki.

Jioni mke wangu kauliza mchanga ukoje. Nimesema mzuri tu. Kasema kesho ataangalia mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemtangulia kuamka. Mchanga una doa moja tu la mkojo, kubwa. Moja! Aibu gani hii? Nikachukua kijiko cha chai na kikombe cha maji. Nikadondosha hapa kidogo, pale kidogo, mpaka boksi zima likajaa madoa. Nani atasema paka huyu hanywi maji? Nikakaa kusubiri sifa.

Mke wangu akainama, akapiga yowe. Kumbe doa kubwa ndiyo afya! Madogo madogo mengi ni dalili kwamba ugonjwa umerudi. Ndicho daktari alichokuwa anaeleza siku ile. Nikafungua mdomo niseme habari ya kijiko. Mke wangu alikuwa ameshashika simu, anamwambia mama yake afungashe. Nikaufunga.

Ijumaa, 14 Machi

Daktari kapima mkojo. Msafi kabisa! Kashangaa, kauliza paka anakunywa maji wapi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini glasi yangu ya kule kwenye redio huisha kabla sijainywa. Daktari kasisitiza tuendelee kukagua: madoa madogo mengi, tumrudishe, na mchanga ukikutwa mkavu, basi hakojoi, tumkimbize saa ile ile, paka dume anaweza kufa. Alisema na mengine. Redio yake ilianza tena.

Mchana mama mkwe kafika. Nikamwamkia, nikampokea mzigo, nikamweleza kwa adabu zote kwamba paka mzima, daktari kathibitisha. Akaitikia marahaba mwanangu, ila yeye ataondoka akishaona kwa macho yake kwamba yale madoa yamekwisha. Redio zangu sasa ziko chini ya meza ya jikoni. Glasi pia. Jioni alikorogea chai kijiko kile kile. Nikatazama ukutani.

Jumamosi, 15 Machi

Anataka madoa yaishe? Yataisha! Mwingine angekiri. Mimi nina akili zangu. Nimeamka kabla ya wote, nimezoa mchanga wote wenye unyevu, nikaumwaga nyuma ya nyumba, nikatia mpya, nikausawazisha kwa kiganja. Hakuna doa hata la dawa. Mkavu kabisa!

Viatu vya mama mkwe nimevipiga rangi, nimeviweka mlangoni. Nawasikia yeye na binti yake wanaelekea kwenye boksi. Akiona vile, ataondoka mbio.